Barua ya Kwenda Ugalla

Mwaka huo mvua iliisusa Tabora. Novemba ilipita kavu, Desemba ikaingia na vumbi lake, na lambo la wanyama wa Ng'ambo likabaki tope zito ambalo hata Ngiri, mwenyekiti wa mtaa, aliona haya kugaagaa ndani yake mchana kweupe. Chini ya miembe, ile ambayo wazee husema ilichipua kutokana na kokwa zilizotupwa na wapagazi wa misafara, ukaitishwa mkutano wa dharura. Hoja ilikuwa moja. Huko Ugalla, kusini magharibi, tembo wana vidimbwi vya mto ambavyo kiangazi hakivimalizi. Waandikiwe barua, waombwe ruhusa, wanyama waende wakanywe huko mpaka mvua itakaporudi.

"Nani ataiandika?" akauliza Mwenyekiti.

Shingo zote zikamgeukia Nungunungu. Tangu utoto wake shangazi zake walikuwa wakisema huyu kazaliwa mwandishi, kwani hamwoni kalamu zilivyomjaa mgongoni? Naye aliamini. Hakuwahi kuandika kitu akakifikisha mwisho, lakini kila Jumamosi alizichonga kalamu zake, akazipanga kwa urefu, na akiulizwa anafanya kazi gani alijibu, "Naandika," kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Nitaiandika," akasema, "ila kwanza nahitaji kujengewa uwezo."

Mkutano ukachangamka. Maneno hayo yanajulikana Ng'ambo: panapojengwa uwezo hapakosi chai ya saa nne, na penye chai ya saa nne hapakosi posho. Kiu ikaahirishwa. Kabla vumbi la waliosimama kushangilia halijatulia, Kasuku alikwisha kushuka kutoka tawi la juu na ratiba ya siku tatu.

Kasuku alikuwa wa kijivu, mkia mwekundu, na kila sentensi yake ya pili ilianza na "sisi tuliosafiri." Ni kweli ukoo wake ulitoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ukafika Tabora pamoja na misafara ya pembe. Alichoacha kusema ni kwamba babu yake alisafiri ndani ya tundu, na kwamba njia nzima aliyoiona ilikuwa mgongo wa mpagazi aliyelibeba.

Waliojiandikisha walikuwa wengi kuliko wenye kalamu. Alikuwepo Bundi, mwenye riwaya kubwa kichwani, aliyekuwa akisubiri utulivu ili aiandike. Utulivu ulikuja kila usiku, naye kila usiku alikwenda kuwinda panya. Alikuwepo Kinyonga, ambaye wiki ya mapenzi aliandika mapenzi na wiki ya siasa akaandika siasa, wala hapakuwa na mtu aliyeijua rangi yake mwenyewe. Chura alileta shairi lake, lilelile la kila mwaka. Fisi, katibu wa mtaa, alikuja na gunia la misemo aliyookota kwenye hotuba za watu, maana Fisi hajui kuacha mfupa. Na Njiwa alikuja kusifu. Chochote kilichosomwa, yeye alisema, "Safi sana, umenigusa," hata kabla msomaji hajamaliza kuikunjua karatasi.

Siku ya kwanza ilikuwa ya utambulisho, ikaisha. Siku ya pili, baada ya matobolwa na karanga, Kasuku akafundisha.

"Barua nzuri huanzia mbali," alisema. "Mkianza na mnachokitaka, mtaonekana mna njaa. Halafu, neno likisimama peke yake linaonekana maskini, kwa hiyo mlitafutie wenzake. Msiandike 'maji', andikeni 'suala zima la maji'. Msiandike 'tunaomba', andikeni 'tunapenda kuchukua fursa hii adhimu kuwasilisha ombi letu'. Na la mwisho: msomaji akielewa mara ya kwanza, atadhani hamkufanya kazi."

Wanasemina wakanakili. Wakaenda kwenye vikundi kazi, na kwa kuwa kila kikundi kilitaka sentensi yake iingie, na hakuna kikundi kilichotaka ya mwenzake itoke, barua ikafika kurasa tisa. Ilianza hivi: "Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na afya njema, aidha tunapenda kuchukua fursa hii adhimu, sisi wanyama wa Ng'ambo wenye historia iliyotukuka, umoja na mshikamano usiotetereka, katika ulimwengu huu wa sayansi na teknolojia..." Neno maji lilijitokeza ukurasa wa saba, limebanwa kati ya methali mbili na shairi la Chura.

"Safi sana," akasema Njiwa. "Imenigusa."

Siku ya tatu vikatolewa vyeti. Kunguru, tarishi, akaifunga barua mgongoni, akadandia paa la treni ya Mpanda, akashuka penye daraja la Mto Ugalla akiwa ameumwa kiuno. Baada ya siku chache akarudi na majibu, Mwenyekiti akayasoma mbele ya wote:

"Kwa wanyama wa Ng'ambo. Tumeisoma hotuba yenu kwa siku mbili, tukipokezana. Tumefurahi kusikia kwamba huko kwenu kuna umoja na mshikamano. Tunawapongeza kwa historia yenu. Siku mkiwa na shida yoyote, msisite kutuandikia."

Watu walipiga makofi, maana waliozoea semina hupiga makofi mahali popote sauti inaposhuka. Digidigi mmoja tu, aliyekuwa na mtoto mchanga miguuni, ndiye aliyesogea kwa Nungunungu.

"Mwandishi, tembo wamesemaje kuhusu maji?"

"Wametupongeza, mama."

"Wametupongeza kwa nini? Kwa kiu?"

Nungunungu hakuwa na jibu. Usiku ule, pasipo kumuaga mtu, akaondoka kwenda Kwihara.

Kwihara iko nje kidogo ya mji. Pale ndipo Livingstone na Stanley walipofikia Februari 1872, baada ya kukutana Ujiji mwishoni mwa mwaka uliotangulia, na mahali walipokaa pana tembe ambayo ni makumbusho hadi leo. Kivulini mwa tembe hiyo alikuwa akiishi Punda mzee, wa ukoo wa punda wa misafara. Hakujua kusoma wala kuandika. Ndiyo sababu hakuna aliyewahi kumwalika kwenye semina.

"Mwangaluka, babu."

"Mwangaluka, mjukuu wangu. Una miiba mizuri. Umewahi kubeba kitu?"

Nungunungu akaeleza shida yake, akaikunjua nakala ya barua, akasoma. Punda alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hata waandishi wenyewe hawakuwahi kulifanya.

"Sasa niambie ulichosikia, babu."

"Nimesikia kwamba Ng'ambo kuna umoja."

"Na maji?"

"Kulikuwa na maji?" Punda akashangaa kweli.

Kisha akaanza kueleza taratibu, kama mtu anayefungua kamba za shehena.

"Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba karibu frasila mbili. Hizo ni kilo 30 na ushei, mjukuu wangu, kutoka Bagamoyo mpaka hapa, kilomita zipatazo 800, miezi mitatu safari ikiwa njema. Na juu ya mzigo wa tajiri kuna wake mwenyewe: mkeka, chungu, posho ya unga. Mtu wa namna hiyo ukimwongezea kitambaa kimoja atakiuliza ni cha nini, na usipomjibu atakitua chini. Sasa wewe umeandika kurasa tisa ukaenda kulala. Unadhani nani amezibeba?"

"Kunguru."

"Kunguru kabeba karatasi. Maneno kayabeba tembo. Kila ulichokiweka mle, kuna mtu alilazimika kukiinua, akakigeuza, akatafuta kazi yake, akakuta hakina kazi, akakitua. Kufika ukurasa wa saba alikuwa hoi. Maji yenyewe kayapita bila kuyaona."

Nungunungu akainamisha kichwa. "Kwa hiyo niandike kwa ufupi?"

"Sikusema ufupi. Msafara wa watu mia tano si mfupi, na hufika. Nakwambia habari za kirangozi." Punda alisimama, akapiga hatua chache kwenye vumbi. "Kirangozi ndiye aliyetangulia mbele ya msafara, na mtu aliyethubutu kumpita alitozwa faini. Alijua njia kwa kuwa ameipita. Na kila alipofika penye njia panda, aliiziba ile isiyo yetu: alivunja matawi akayalaza, au akachora mstari mavumbini kwa mguu. Unajua kwa nini? Kwa sababu wa nyuma kabisa hamwoni. Amebeba, kainamisha shingo, anatazama chini tu. Akikuta njia mbili, atapotea, na kosa si lake. Barua yenu nimehesabu ina njia panda kumi na mbili, na hakuna hata moja iliyozibwa. Kuna moja inakwenda kwenye sayansi na teknolojia. Nani alikuwa anakwenda huko?"

"Ni msemo tu, babu."

"Ni njia tu. Na watu hupotelea humo." Akameza mate. "Na jambo jingine. Siku ya kuondoka, msafara haukwenda mbali. Kambi ya kwanza ilipigwa karibu na mji, mwendo wa saa chache. Wageni kutoka Ulaya walidhani wapagazi ni wavivu. Lakini pale ndipo mtu alipogundua kwamba mzigo umeegemea upande, kamba imelegea, chungu kimesahaulika. Alirudi akachukua, akafunga upya. Ukiligundua hilo umekwisha kuingia Ugogo, umekwisha. Nyinyi barua mliimaliza lini na kuipeleka lini?"

"Siku hiyohiyo. Kulikuwa na picha ya pamoja."

Punda hakucheka. "Na usidhani kila aliyepita hapa alibeba kwa ujira. Wengine walipita na minyororo shingoni, na hakuna aliyewauliza kama mzigo ni mzito. Siku utakayoandika habari za njia hii, wao ndio uanze nao, kwa kuwa hawakuachiwa kalamu. Haya. Mimi nimefika hapa. Kwenye mambo ya karatasi, mtafute Mama Mchwa, yumo ukutani."

Mama Mchwa alikuwa mnene, mweupe, mwenye ulimi usio na adabu. Ukoo wake ulikuwa umeonja karatasi za Unyanyembe, nchi hii ya Tabora, tangu siku karatasi ilipofika huku: hati za Waarabu, vitabu vya hesabu vya Wajerumani, madaftari ya shule.

"Lete tuonje," akasema.

Alianza na neno "adhimu". Akalitafuna, akameza, akasubiri. "Hakuna kitu humu. Nimelimaliza lote na bado nina njaa." Akala "fursa", akala "suala zima", akashuka na "mshikamano usiotetereka" kama uji. Historia iliyotukuka ilimchukua kitambo kidogo kwa sababu ya urefu wake, si kwa sababu ya ugumu. Alipofika kwenye "maji" meno yakagoma. Akajaribu "lambo", likagoma. Akajaribu "Ugalla", nalo likagoma. Asubuhi kurasa tisa zilikuwa zimekwisha, na mbele ya Nungunungu yalilala maneno matano.

"Hii ndiyo barua yangu?" akauliza kwa uchungu.

"Hiyo ndiyo uliyoandika. Barua bado hujaandika."

"Basi nayapanga haya matano vizuri, naipeleka."

"Peleka. Tembo atauliza: mko wangapi?"

Nungunungu akafungua mdomo, akaufunga.

"Mtakaa muda gani? Mtapita wapi? Mtakunywa saa ngapi, maana wenyeji nao wana kiu yao? Nani kati yenu ni wa kuogopwa?" Mama Mchwa akajipangusa. "Humo mote nilimopita sikukuta hata jibu moja. Mlikuwa hamjui, mkafunika shimo kwa mapambo. Wanaokuja hapa huniambia wana tatizo la lugha. Mimi ninayewala nakwambia, wengi tatizo lao ni kwamba hawakwenda kuangalia."

Akamweleza habari za wengine waliopitia nchi hiyo. Yule mzungu wa tembe hii, Livingstone, alisema, alikuwa na vidaftari vya mfukoni alimoandika akiwa njiani, siku ileile, jambo likiwa bado la moto. Halafu, akipata kambi, aliyahamishia kwenye kitabu kikubwa, akisafisha. Kitabu hicho ndicho Stanley alichokichukua kutoka hapa Machi 1872 kukipeleka Uingereza, na hadi leo kinaitwa kwa jina la Unyanyembe. Mwaka 1871, huko Nyangwe, Manyema, Livingstone alipoishiwa karatasi na wino, aliandika kwa maji ya mmea juu ya gazeti kuukuu, akikatiza mistari ya chapa. "Na wewe unasubiri kalamu zilingane urefu."

"Na Waswahili, mama?"

"Wapo. Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi hapahapa Tabora, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903. Soma mwendo wake: tulitoka, tulifika, tulipigana, tulirudi. Kila kitenzi kina mtu na kina mahali. Lakini ukimsoma, weka jicho la pili. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watu, na watu wale hupita kwenye simulizi lake upesi upesi. Usiige macho yake kwa kuwa umeipenda miguu yake."

Kisha akamtajia kijana mmoja aliyesoma Shule ya Serikali ya Tabora miaka ya 1930, jina lake Julius Nyerere. Mwaka 1963, akiwa Rais, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari. Ilichapwa, ikauzwa, ikasifiwa. Naye hakuridhika. Akairudia, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari. "Nchi nzima iko mabegani mwake," alisema Mama Mchwa, "na bado akarudi kambi ya kwanza kufunga mzigo upya. Wewe una shughuli gani?"

Nungunungu akarudi Ng'ambo. Hakuchonga kalamu. Alipita mtaa kwa mtaa, shimo kwa shimo, akihesabu. Digidigi wangapi, swala wangapi, ngiri wangapi, wachanga wangapi. Akawauliza mama zao: mtoto huyu anavumilia siku ngapi bila kunywa? Mwanzoni walimjibu kwa wasiwasi, wakidhani ni mambo ya kura. Akamtafuta Mlembe, yule ndege anayewaongoza watu kwenye asali, akamuuliza njia za miombo: wapi kuna vijiji vyenye mbwa, wapi pa kupita usiku. Akamuuliza Kunguru: kule daraja la Ugalla, tembo walikuwa wakilalamikia nini? "Wanalalamikia wageni wanaotibua maji," akasema Kunguru, "na fisi wanaovizia ndama."

Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Ilimbidi aandike jambo ambalo Katibu wa mtaa asingependa kulisoma.

Aliandika. Akampelekea Punda, akamsomea, akamuuliza alichosikia. Punda alisikia vibaya mahali pawili. Nungunungu hakubishana naye, alirekebisha mahali pale pawili. Akailaza barua usiku mmoja. Asubuhi akakuta sentensi moja aliyoipenda mno, ya jua linalolamba tope, akaipeleka ukutani kwa Mama Mchwa. Haikumaliza hata dakika. Kalamu aliyoitumia ilikuwa moja, nayo butu.

Barua ilisema hivi:

"Kwa tembo wa Ugalla. Shikamooni.
Lambo letu limekauka. Tuko 214, na kati yetu wachanga ni 31.
Tunaomba kunywa kwenye vidimbwi vyenu mpaka mvua inyeshe.
Tutakunywa usiku, nyinyi mkishamaliza, upande wa chini, ili tusiwatibulie maji.
Fisi hatakuja. Tutambebea maji yake.
Siku ya mvua ya kwanza tutarudi kwetu.
Tunaomba jibu kabla ya mwezi mpevu. Baada ya hapo wachanga hawatafika.
Wanyama wa Ng'ambo."

Kwenye kikao, Katibu Fisi alinguruma. Barua haina utangulizi! Haina historia! Na hayo ya mstari wa tano ni uchochezi. Kasuku akasema kwa upole kwamba ni jaribio zuri la anayeanza, ila halina mtiririko. Njiwa alijaribu kusema imemgusa, akashindwa: alikuwa analia, na hakuzoea. Mwenyekiti Ngiri, aliyekuwa akitazama tope, akauliza kama kuna uwezekano wa kuongeza angalau cheo chake. Walipokuwa wakijadili ukubwa wa cheo, Nungunungu alimpa Kunguru barua.

Kunguru akaipima mgongoni. "Ni hii tu? Nilikuwa nimejiandaa."

Jibu lilifika kesho yake. "Njooni. Wachanga watangulie."

Wakaenda, wakanywa, wakaishi. Mwishoni mwa Januari mawingu yakakubali, ikanyesha usiku kucha, na asubuhi wanyama 214 wakashika njia ya kurudi, kama walivyoahidi.

Hekaya nyingi zingekomea hapa, ila Ng'ambo ina chama, na chama kina taarifa ya utekelezaji. Taarifa ilieleza kwamba upatikanaji wa maji ulitokana moja kwa moja na mafanikio ya warsha ya siku tatu, na ikapendekeza awamu ya pili. Kasuku, ambaye hakuwahi kukosa upepo, akaja na mada mpya: "Mbinu ya Mistari Saba." Barua ya Nungunungu ilibandikwa kwenye mwembe, wanasemina wakainakili neno kwa neno, wakapewa vyeti, wakaenda kuandika.

Chura alifiwa na jirani, akaandika rambirambi kwa mistari saba. Ule wa nne ulisema: "Tutakunywa usiku, nyinyi mkishamaliza." Wafiwa hawajasema naye hadi leo. Kinyonga alitoa kitabu cha kurasa 400 kiitwacho Ufupi Ni Utajiri. Bundi alisema sasa amepata mbinu, amebakiza utulivu. Na Fisi mwenyewe, alipopeleka posa kwa binti wa ukoo wa Itetemia, alifuata mfano kwa uaminifu wote: akaeleza kwamba lambo lake limekauka, kwamba wako wengi, na kwamba siku ya mvua ya kwanza atarudi kwao. Baba wa binti alijibu kwa mstari mmoja kwamba binti yake si kidimbwi.

Wakamwalika Nungunungu awe mgeni rasmi siku ya kufunga awamu ya pili. Kasuku alimkaribisha kwa dakika arobaini. Kisha wakamwomba awape siri yake, na wanasemina wote wakainua kalamu.

Nungunungu akasimama. "Nenda ukaangalie kwanza," akasema. "Halafu andika, umsomee mtu mwenye shida na jambo hilo, umuulize amesikia nini. Alichokosea yeye, sahihisha wewe." Akakaa.

Walisubiri. Walipoona hasimami tena, wakapiga makofi machache ya mashaka, wakaenda kula. Katibu Fisi alibaki kuandika kumbukumbu za mkutano, ambazo zipo ofisini na yeyote anaweza kuzisoma. Kifungu cha nane kinasema:

"Aidha, mgeni rasmi alichukua fursa hiyo adhimu kusisitiza umuhimu wa kuzingatia suala zima la uangaliaji, sambamba na kujenga utamaduni wa ushirikishwaji wa wadau mbalimbali wenye uhitaji, ili kuleta tija katika tasnia ya uandishi kwa maendeleo endelevu ya Ng'ambo yetu."

Kumbukumbu zilithibitishwa kwa kauli moja.